Siku Iliyokatazwa Kuisha

Habari hii nilipewa na Mwanakombo Shekiondo, mtoto wa marehemu dada yangu, mwaka ule vuli ilipochelewa hata mbaazi zikakaukia shambani. Alikuwa amerudi kutoka nchi za baridi, alikokuwa akilea wazee wa watu, akiwaogesha na kuwalisha uji kwa kijiko. Tulikaa uani tukichambua choroko, akawa anahadithia nami namkatiza, maana kuna mahali nilidhani ananichezea. Akaapa kwa kaburi la mama yake. Jina la nchi hakunitajia. Alisema ukilitaja wanakuletea barua ya kukanusha yenye mihuri mingi. Basi nami silitaji. Wewe sikiliza tu, na usimtafute mtu humu ndani, maana ukimtafuta utamwona.

Ilikuwako nchi moja iitwayo Ushirika. Nikisema moja nasema kwa adabu tu, kwani zilikuwa nchi kumi na moja zilizofunga ndoa, kila moja ikabaki na kitanda chake na ufunguo wake. Sheria yao kubwa ilikuwa hii: neno haliwi neno mpaka wote kumi na moja wakubali. Akikataa mmoja, hata kama kwao ni kisiwa ambacho watu wake wote wanaenea kwenye harusi moja, wengine wanarudi kuanza upya. Waliupenda sana utaratibu huo, kwa sababu ulimpa kila mtu ukubwa bila kumpa kazi.

Mji wao mkuu ulikuwa na soko, na soko lilikuwa na mnara wenye saa. Hapo ndipo alipokuwa na tanuri lake Bi Otilia, mwoka mikate, mjane, mwenye mikono minene na maneno machache. Sheria ya soko ilikuwa nyepesi. Bei inaandikwa ubaoni asubuhi, na haiguswi mpaka kengele ya jioni. Kengele ikilia, siku imekwisha: maduka yanafungwa, wenye zamu wanatoka, kila mtu kwao. Jua halikuulizwa. Jua la huko si la kutegemea, laweza kuaga Jumatatu usilione tena mpaka umelisahau.

Sasa Ushirika wote ulipika, uliota moto na kuoga kwa gesi ya Jirani. Huyo Jirani alikuwa mkorofi, na walijua ni mkorofi. Walimwandikia barua nyingi za kumlaani, na kila barua iliandikwa katika chumba kilichopashwa joto kwa gesi yake. Siku moja akachoka kusoma. Akajibu kwa maneno matatu tu: "Kesho nafunga bomba."

Wakubwa wakaitana. Sheria yao wenyewe iliwabana wapate mpango mmoja wa joto kabla siku haijaisha, ama sivyo kila nchi ijitafutie kuni zake. Na mkutano wa watu wa lugha kumi na moja hauendi bila wakalimani. Ndipo binti wa Otilia, Filomena, alipoitwa. Yeye peke yake mjini ndiye aliyejua lugha ya Visiwa vya Chumvi.

Filomena alikuwa na mtoto mchanga, Mirko, wa kunyonya. Akamkabidhi kwa bibi yake.

"Mama, kengele ikilia tu nimefika."

"Nenda, mwanangu. Tangu nizaliwe kengele ile haijachelewa."

*

Kengele haikuchelewa. Haikulia kabisa.

Zilikuwa zimebaki dakika kumi jioni iingie, na wakubwa walikuwa wamekubaliana jambo moja tu, kwamba madirisha yafungwe. Mwenyekiti wao, Mama Adelgunda, mwanamke mrefu mwenye mkufu wa shaba kifuani, akasimama.

"Waheshimiwa," alisema, "historia inatutazama. Isije ikatukuta tumechelewa! Kwa mamlaka niliyopewa, na kwa kuwa hatuwezi kuiharakisha hekima, naiamuru siku ingoje."

Wakapiga makofi. Haikuwa ajabu kwao, wazee wao walishawahi kufanya hivyo mwaka wa ugomvi wa siagi, kabla Otilia hajazaliwa. Askari wawili wakapanda mnarani na kamba, wakaufunga mshale wa saa kama mtu anavyofunga mbuzi.

Otilia aliwaona kutoka kibandani kwake, Mirko akiwa mgongoni. Giza likaingia, akaanza kukusanya vikapu vyake. Msimamizi wa soko akamjia mbio.

"Bi Otilia, unakwenda wapi? Siku bado."

"Na hili giza?"

"Hili ni giza la mchana. Uza mkate."

Akauza. Giza likaisha, kukapambazuka, na wale wateja wa jioni wakarudi kununua mkate wa asubuhi ya siku ileile. Baadaye kukawa giza tena. Wahunzi, walimu, wauguzi, wasafisha mitaro, wote walikuwa zamuni bado. Watu walisinzia wima kama kuku. Polisi alimkuta mtu amelala kwenye benchi akamwamsha kwa upole: "Baba, wewe ni mzembe wa mchana ama ni mpinga serikali wa usiku?" Yule akaona heri uzembe.

Na Mirko alikuwa akilia. Otilia alimpa maziwa ya ng'ombe kwa kijiko, akayatema. Akampa kwa chupa, akaisukuma kwa ngumi. Akachovya kitambaa kwenye uji wa shayiri, akamwekea mdomoni. Mtoto akamtazama bibi yake kama mtu aliyetukanwa. Alimtaka mama yake, hakutaka mwingine. Sauti ikaanza kumkauka, na kilio kikavu cha mtoto, nyie mliolea mnakijua, ndicho kinachotisha kuliko cha machozi.

"Vumilia, baba," Otilia alimwambia. "Wakubwa wanafikiri."

*

Jirani hakuwa na habari ya kamba yao. Saa yake ilikuwa inatembea. Kesho yake ilipofika akafunga bomba, akaenda kunywa supu.

Majiko yakazimika mji mzima. Watu wakamiminika barabarani wakitetemeka, na msemaji wa Ushirika akatoka na kipaza sauti.

"Ndugu wananchi, msipotoshwe. Jirani alisema atafunga kesho, na kesho haijafika. Kwa hiyo gesi ipo. Anayesikia baridi ametangulia sheria, na tunamwomba arudi nyuma awasubiri wenzake."

Wengine walirudi nyuma hatua mbili tatu wakaona kama kuna nafuu.

Lakini soko, Mwanakombo aliniambia, soko halikosi akili. Bei hazikuweza kupanda, kwani zilikwisha andikwa ubaoni asubuhi na siku ilikuwa haijaisha. Basi bei ikabaki palepale, na bidhaa ndiyo iliyokuwa ikishuka kuikimbia. Mkate uliokuwa kama mto wa kulalia ukawa kama kitumbua. Baadaye ukawa kama kashata, ukiuweka mkononi unaona mistari ya kiganja pembeni mwake. Magazeti yakashangilia: tangu dunia iumbwe hapajatokea siku ndefu hivi bila bei kupanda! Mtaalamu mmoja akapewa nishani.

Halafu akatokea Bwana Ruprekt. Zamani aliuza vitunguu jirani na Otilia. Sasa alivaa tai, akasimama juu ya kreti ileile ya vitunguu, akawa anauza vikaratasi.

"Kesho! Kesho hapa! Pata Kesho yako mapema kabla haijaadimika!"

"Ruprekt," Otilia alimwita, "unauza nini?"

"Kesho, shoga yangu. Leo imekwama, si unaona? Basi mwenye Kesho ndiye tajiri."

"Umeitoa wapi?"

"Sijaitoa popote. Ningekuwa nayo nisingeweza kuiuza, ningeitumia."

"Na wanaonunua?"

"Hawanunui waitumie! Wananunua wauziane." Akamsogelea akamnong'oneza. "Mkutanoni wakikohoa vizuri, Kesho inapanda. Wakigombana, inashuka. Asubuhi Mwenyekiti alicheka, nikauza mpaka Kesho za watu ambao hawajazaliwa. Hebu huyo mjukuu wako, nikuwekee yake?"

"Mjukuu wangu anataka kunyonya."

"Hiyo haina soko," Ruprekt alisema kwa huruma, akarudi juu ya kreti yake.

Ni kweli mabenki yalizinunua. Wakulima waliuza ng'ombe wakanunua Kesho. Serikali yenyewe ilinunua nyingi, ikasema imewekeza katika wakati ujao wa vijana.

*

Tanuri la Otilia lilikuwa mojawapo ya machache yaliyowaka. Bunge la wakubwa lilimletea mtungi wa gesi ya akiba kwa ajili ya mikate yao, kwani ilikubalika bila ubishi wowote kwamba njaa inaharibu mawazo. Kila mara mtu wao alikuja kuchukua vikapu. Safari hii Otilia akamwambia, "Leo napeleka mwenyewe." Akamfunga Mirko kifuani, akajifunika shali, akabeba kikapu kichwani.

Mlangoni alikuwapo bawabu mwenye kofia ya manyoya.

"Kikapuni nini?"

"Mikate."

"Na ndani ya shali?"

"Mikate."

Mirko akatoa sauti yake iliyokauka. Bawabu akainama, akatega sikio.

"Mkate huu unalia, mama."

"Umekandwa na shida."

Bawabu akasogeza shali kwa kidole. "Kwangu yuko kama huyu," akasema, "sijui hata kama kameota jino." Halafu akakumbuka kofia yake. "Lakini haingii mtu hapa ila mjumbe, mkalimani au mdau. Wewe ni mdau?"

"Mimi ni bibi."

"Bibi hayumo. Je, jambo hili linakuhusu?"

"Linanihusu."

"Na umekuja kuwaambia la kufanya?"

"Sina la kuwaambia. Namtaka mwanangu tu."

"Basi wewe ni mdau wa kwanza asiye na hotuba," alisema bawabu. "Pita upesi."

Ukumbi ulikuwa na joto la kuivisha ndizi. Wajumbe kumi walikuwa wamekaa na vidude vyao vya kusikilizia masikioni, macho mekundu, wakijifinya mapaja. Wa kumi na moja alikuwa amesimama. Huyo ndiye Mheshimiwa Gaspari wa Visiwa vya Chumvi. Kwao hakuna bomba wala gesi, wana chemchemi za maji moto, wanachemshia hata mayai. Kwa hiyo alikuwa hana haraka. Alianza kukataa mpaka apewe dagaa wa bahari ya wenzake, akapewa. Akakataa mpaka dagaa hao waitwe wa kienyeji, wakaitwa. Walipomkubalia hayo, mjumbe wa nchi ya mizabibu naye akakumbuka ana zabibu, ikabidi waanze upya. Sasa Gaspari alikuwa anapinga sentensi moja.

"Mmeandika 'Patakuwa na joto'! Nani anajua patakuwa na nini? Mimi ni mtu mkweli. Napendekeza tuandike 'Joto litazingatiwa'."

Mjumbe wa Milimani akaruka kumpinga, na Gaspari akaanza kumjibu, na jibu lake halikuwa na mwisho.

Pembeni, ndani ya kibanda cha kioo, alikuwa Filomena. Maneno ya Gaspari yaliingia masikioni mwake, yakatoka mdomoni mwake, na wakalimani wengine wote waliyachukua kutoka kwake wakayapeleka kwa wakubwa wao. Akinyamaza yeye, mkutano mzima ni viziwi. Ndiyo maana mlango wake ulifungwa kwa nje.

Otilia akazungusha ufunguo. Filomena alipomwona mtoto hakuacha kusema, hakuweza. Lakini gauni lake lililowa maziwa mbele palepale, akanyoosha mikono.

"...na kwa mujibu wa kifungu kilichotangulia," alisema, akifungua vifungo, "nchi yangu inaona, lete mama, lete upesi, inaona kwamba..."

Mirko akamdaka kama mamba.

Sasa mama anayenyonyesha hapazi sauti. Hata awe anasema habari za gesi na dagaa. Filomena akashusha sauti, polepole, akaanza kuyumba mbele na nyuma. Maneno yalikuwa yaleyale ya serikali, kifungu hiki, aya ile, lakini mwendo wake ulikuwa mwingine. "Kwa kuzingatia... kwa kuzingatia... pamoja na marekebisho yake... pamoja na marekebisho yake..." huku anapigapiga mgongo wa mtoto, na kipaza sauti kikachukua mpaka ule mpigo. Wakalimani wengine, kwa uaminifu wa kazi yao, wakausema vilevile katika lugha zao.

Mjumbe wa Milimani alikuwa wa kwanza. Kidevu kilimwangukia kifuani. Wa mizabibu akalala na mkate mdomoni. Mama Adelgunda aliinamisha kichwa kama anayesoma, mkufu wa shaba ukagonga meza, asishtuke. Walidondoka mmoja mmoja kama maembe baada ya upepo, na wakalimani wao nao, mpaka akabaki Gaspari amesimama peke yake.

"Naam?" alisema. "Hakuna anayenipinga?"

Hakuna.

"Mheshimiwa wa Milimani, si ulisema mimi ni mwizi wa dagaa? Rudia basi!" Milimani alikoroma. Gaspari akaogopa. Maisha yake yote alikuwa akisukuma mlango, na sasa mlango haupo. "Jamani, sasa mimi nimkatalie nani?"

Akakaa. Akaona wenzake wametabasamu usingizini, akapata wivu, akataka kujua wanasikiliza nini. Akavaa kidude cha jirani yake. Filomena alikuwa hana cha kutafsiri tena, alikuwa anaguna tu, mm, mm, mm. Gaspari hakumaliza hata kuegemea.

Katika kona moja alikuwa macho mtu mmoja, Karani Mkuu, mzee mwembamba kama uzi. Ushirika ulikuwa na kanuni ambayo haijawahi kutumika: pendekezo likiwa mezani, na pakawa kimya kwa muda wa mtu kunywa kikombe kimoja cha chai, wote wamekubali. Karani akajimiminia chai. Akaipuliza. Akainywa yote na sukari ya chini, kwa haki. Kisha akaandika: "Imepita kwa kauli moja. Joto litazingatiwa." Akaenda mnarani kufungua kamba.

*

Saa ikatembea dakika zake kumi, na kengele ikalia jioni. Juu, jua lilikuwa la utosini.

Watu hawakubishana nalo. Walifunga maduka mchana kweupe, wakatakiana usiku mwema, mabawabu wakawasha taa za barabarani. Wauguzi na wasafisha mitaro wakatoka wakipepesa macho. Redio ikasema Ushirika umepata ushindi ambao wajukuu watausimulia, na kwamba joto, kwa mara ya kwanza katika historia, limezingatiwa na nchi zote kumi na moja. Pale sokoni wenye vikaratasi walimzunguka Ruprekt. Kesho ilikuwa inakuja yenyewe, tena bure, kwa kila mtu, hata kwa wasionunua. Kikaratasi hakikuweza kununua hata mkate wa kashata.

"Msife moyo!" Ruprekt alipaza sauti juu ya kreti. "Nani anataka Keshokutwa?"

Walimkodolea macho. Kisha mmoja akauliza ni bei gani.

Otilia hakungoja kusikia. Alimshika Filomena mkono, mtoto katikati yao, wakaenda nyumbani. Ndani palikuwa baridi kuliko nje. Filomena alijitupa kitandani na viatu vyake, Mirko titini, na kabla bibi hajamaliza kuwafunika kwa makoti na magunia ya unga, wote wawili walikuwa wamekwenda.

Mlango ukagongwa, taratibu, kiserikali.

Alikuwa Karani Mkuu mwenyewe. "Mama, waheshimiwa wameamka," alisema. "Hawaelewani nini maana ya 'kuzingatiwa'. Kikao cha dharura. Mheshimiwa Gaspari ameshaanza kuzungumza, na hakuna anayemwelewa. Mkalimani anatakiwa sasa hivi."

"Amelala."

"Kukataa lazima kusemwe kwa sauti ya kusikika nyumba nzima. Ukinyamaza kwa muda wa kikombe kimoja cha chai, naandika kwamba mmekubali."

Otilia akageuka kutazama kitandani. Akipaza sauti, mtoto ataamka. Asipopaza, watamchukua mama yake, na safari hii nani anajua watafunga nini kwa kamba.

"Ingia basi, baba," akasema kwa upole. "Usisimame mlangoni kama mdai. Chai nitakupikia mimi."

Akamketisha kwenye kiti cha marehemu mumewe. Akamfunika magoti kwa shali, lile lililokuwa bado na joto la mtoto. Akajaza sufuria maji, akaitia majani, akaifunika, akaibandika juu ya jiko. Jiko lilikuwa limezimika tangu Jirani anywe supu yake. Karani akatoa kalamu, akaielekezea macho sufuria.

"Bado kuchemka?" aliuliza baada ya kitambo.

"Inazingatiwa," Otilia alimjibu.

Karani akaitikia kwa kichwa, ameridhika. Ndivyo kazi inavyotakiwa kwenda. Tangu kamba ifungwe mnarani hakuwa amefumba jicho, na shali lilikuwa zuri. Kalamu ikamtoka vidoleni, Otilia akaidaka kabla haijafika chini.

Akaiweka mezani. Akavuta pazia, jua likabaki nje na mambo yake. Akavua viatu, akajipenyeza upande wa ukutani, kisigino cha Mirko mbavuni mwake, na mkono wake mnene juu ya wote wawili. Alimsikiliza binti yake akipumua, kisha mjukuu, kisha mzee wa serikali kitini. Halafu na yeye akalala.